Upepo wa Gurudumu

Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima. Methali hii ina kweli ndani yake, kwa kuwa mvivu hakosi kulaumu zana yake. Lakini, ewe msomaji, methali ni kama vazi: humfaa mtu kwa wakati wake, na wakati mwingine humbana. Ziko kazi ambazo mtu asipochagua zana hutoka jasho kutwa, na jioni asiwe na kitu cha kuonyesha. Mojawapo ni kazi ya kutia upepo katika tairi la baiskeli lisilo na mpira wa ndani. Ni kazi ndogo machoni, lakini historia yake ni ndefu. Imepita katika nchi nyingi, na mahali pengine imepita juu ya miili ya watu. Nataka tuifuate pamoja, kisha turudi tulipoanzia tukiwa na jawabu.

Tuanzie Kombani. Ukitoka kivuko cha Likoni kwa barabara ya kusini, ile iendayo Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga, utafika njia panda ambapo barabara nyingine huachana na ya pwani ikapanda vilima vya Shimba hata mji wa Kwale. Hapo ndipo Kombani. Watu wa upande huo wameizoea baiskeli tangu zamani. Imewabebea nazi na madafu, samaki, mitungi ya tembo la mnazi, magunia ya makaa na watoto wa shule. Baiskeli hiyo ni ile nyeusi, nzito, ya chuma kitupu, ambayo Wakenya waliipa jina la Black Mamba.

Siku moja nilimkuta fundi wa baiskeli hapo njia panda ameletewa baiskeli ya namna nyingine. Matairi yake yalikuwa mapana yenye meno, na ndani hamkuwa na mpira. Tairi la nyuma lilikuwa jipya, nalo lilitaka upepo. Fundi alishika pampu yake ya mkono, akapiga mara hamsini, akapiga mara mia. Tairi lilibaki limelala, na upepo ukatoka kando kando ukilia kama mtu aliaye kwa siri.

“Mjomba, pengine lina tundu,” alisema kijana mwenye baiskeli.

Fundi alilizungusha tairi katika karai la maji, akalitazama kwa makini. “Mwanangu, tundu silioni,” alijibu. “Upepo naingiza, na upepo watoka, wala mlango siujui.”

Kisha alinigeukia mimi, akaniuliza swali ambalo ndilo lililozaa insha hii. Alikuwa na akiba yake katika chama. Je, aitoe anunue kompresa, yaani mashine ya kukandamiza hewa, au angojee? Sikumjibu siku ile. Jawabu la haraka juu ya fedha ya mtu mwingine si jawabu la mtu mwenye adabu.

Kwanza tuujue mlango ulioibia upepo. Tairi la kale ni nyumba ya wawili. Tairi la nje ni ngao, na mpira wa ndani ni mfuko. Upepo ukiingia katika mfuko hauna pa kutokea, hata ukiingia kidogo kidogo. Ndiyo maana pampu ya mkono ilitosha: haba na haba hujaza kibaba. Katika tairi jipya mfuko umeondolewa. Tairi lenyewe na ringi yake vimefanywa kuwa mfuko mmoja, na mdomo wa tairi ndio unaopaswa kubana juu ya ukingo wa ringi pande zote. Lakini tairi likiwa bado halijakaa, kati ya mdomo na ringi pana mwanya unaozunguka gurudumu zima. Pampu hutia haba, na mwanya hutoa haba. Kibaba kisicho na kitako hakijazwi kwa subira. Kinachotakiwa ni upepo mwingi uingie kwa ghafula, kuliko unavyoweza kutoka, ili uisukume midomo ya tairi mpaka ikae mahali pake. Yakikaa, husikika mlio mkali mara mbili, upande huu na upande huu, na tangu hapo mlango umefungwa.

Basi kuna upepo wa subira na upepo wa ghafula. Binadamu ameijua tofauti hiyo kabla ya kuwapo kwa baiskeli. Mhunzi wa Afrika Mashariki alipuliza moto wa tanuri lake kwa mivuo ya ngozi, akikandamiza mmoja na kuinua wa pili ili upepo usikatike. Mpiga nzumari katika ngoma za Wadigo huweka akiba ya pumzi katika mashavu yake, akaisukuma hiyo wakati anapovuta pumzi mpya puani, na wimbo haukomi. Mashavu yale ni tangi la upepo. Lishike neno hilo, msomaji, kwa sababu tutalirudia.

Huko Ulaya, Otto von Guericke, aliyekuwa meya wa mji wa Magdeburg, aliunda yapata mwaka 1650 pampu ya kutolea hewa katika chombo, akawaonyesha watu kwamba hewa ina nguvu kubwa ijapokuwa haionekani. Mwaka 1662 Robert Boyle wa Uingereza alitangaza kanuni unayofundishwa shuleni: ukiikandamiza hewa hata ikachukua nusu ya nafasi yake, msukumo wake huongezeka maradufu, ikiwa joto halibadiliki. Kanuni hiyo fupi ndiyo mama wa kila pampu iliyopo Kombani leo.

Hata hivyo upepo haukuingia katika gurudumu upesi. Ulikosa nguo ya kuvaa. Utomvu wa mpira ulijulikana, lakini uliyeyuka penye joto na kukauka penye baridi, mpaka Charles Goodyear wa Marekani alipogundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa pamoja na salfa huwa imara. Mwaka 1845 Robert William Thomson, mtu wa Uskoti, alipewa hataza ya gurudumu lililojazwa hewa. Magari ya farasi yalilijaribu mjini London, likaenda vizuri bila kelele. Lakini ulikuwa ni uvumbuzi uliozaliwa kabla ya mkunga kufika. Baiskeli iliyohitaji gurudumu hilo haikuwako, gharama ilikuwa kubwa, na watu wakausahau.

Miaka arobaini ikapita. Mwaka 1887, katika mji wa Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alimhurumia mwanawe aliyekuwa akitikiswa na baiskeli yake ya magurudumu matatu. Akafunga mpira mwembamba juu ya gurudumu la ubao, akauvika kitambaa, akautia upepo kwa pampu ya mpira wa kuchezea. Fikiri, msomaji: pampu ya kwanza ya tairi la Dunlop haikuwa pampu ya baiskeli, ilikuwa zana ya mchezo wa watoto. Aliviringisha gurudumu lake na gurudumu la kawaida uani, na lile lenye upepo likaenda mbali zaidi. Hataza yake ilitolewa mwaka 1888, na mwezi wa Mei 1889 mwendeshaji Willie Hume alishinda mashindano ya Belfast kwa magurudumu ya upepo mbele ya watu waliokuwa wamemcheka. Baadaye ikakumbukwa kwamba Thomson alitangulia, na hataza ya Dunlop ikabatilishwa. Lakini mlango ulikuwa umekwisha funguliwa. Mwaka 1891 ndugu wawili Michelin wa Ufaransa walitoa tairi ambalo mtu aliweza kulivua, akaliziba na kulivisha tena bila kungojea gundi ikauke. Siku ile kazi ya fundi wa njia panda ilizaliwa.

Sasa nakuomba utulie, kwa maana hapa historia yetu inaingia katika giza. Kila gurudumu la upepo lilitaka mpira, na mpira wakati huo ulitoka mwituni. Mtoto wa Kwale anajua mabungo, matunda yenye ukali mtamu yatengenezwayo sharubati. Mbungo ni mmea utambaao, na ukiukata hutoa utomvu mweupe. Jamaa zake wa msituni ndio waliotoa mpira wa Afrika. Bara la Afrika Mashariki lilitoa mpira ukauzwa pwani na Unguja pamoja na pembe za ndovu. Lakini msiba mkubwa ulikuwa Kongo. Nchi hiyo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, tangu mwaka 1885. Ulaya na Marekani zilipoanza kupanda magurudumu ya upepo, bei ya mpira ilipanda, naye akawalazimisha watu wa Kongo kuutafuta msituni kwa vipimo vilivyowekwa. Asiyetimiza kipimo alipigwa. Wanawake walifungwa mateka mpaka waume zao warudi na mpira. Vijiji vilichomwa, watu waliuawa, na wengine walikatwa mikono. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alisafiri katika mto Kongo mwaka 1903, na taarifa yake ikatangazwa mwaka 1904. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa nchi ile, ikawa koloni la dola ya Ubelgiji.

Sikukuambia haya ili uichukie baiskeli. Nimekuambia ili ujue kwamba kitu chepesi mkononi mwako chaweza kuwa kilikuwa kizito begani mwa mwingine. Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, wasema watu. Lakini mchukuzi wa mpira wa Kongo hakuruhusiwa pakacha lake livuje hata tone.

Mpira wa mwitu ulishindwa hatimaye na mpira wa shamba. Mwaka 1876 Henry Wickham alipeleka mbegu za mti wa mpira kutoka Brazili hata bustani ya Kew karibu na London, na miche ikasafirishwa Asia. Miaka ipatayo arobaini baadaye mashamba ya Malaya na nchi jirani yalikuwa yakitoa mpira mwingi kuliko misitu ya dunia nzima. Mashamba ya mpira ya Wadachi katika nchi ambayo leo ni Tanzania yaliporomoka mwaka 1913 kwa sababu ya bei kushuka. Kisha, Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, wakoloni walikumbuka tena utomvu wa Afrika, na watu wa Kongo na Tanganyika wakapelekwa kuukinga kwa amri.

Na pampu je? Pampu ilibadilika kidogo tu, kwa sababu mfuko wa ndani haukuitaka ibadilike. Kilichobadilika ni vali, na fundi asiyezijua vali atanunua mashine asiyoweza kuifunga. Baiskeli zetu nyeusi zina vali ya Kiingereza, ile yenye kipira chembamba ndani. Magari na pikipiki zina vali pana iliyotungwa na nyumba ya Schrader ya Marekani katika miaka ya 1890. Baiskeli za mashindano zina vali nyembamba ya Kifaransa, yenye kinati kidogo kichwani ambacho lazima kilegezwe kwanza. Bomba la kituo cha petroli huingia katika vali ya gari. Kwa vali ya Kifaransa hutakiwa kiungo kidogo cha shaba, ambacho bei yake ni ndogo na kukosekana kwake ni hasara ya siku nzima.

Tairi lisilo na mpira wa ndani lilianzia katika magari. Kampuni ya B. F. Goodrich ya Marekani ililitangaza baada ya Vita vya Pili, na kufikia mwaka 1955 magari mapya mengi ya Marekani yalikuwa yakiuzwa nalo. Baiskeli zilingoja hata mwaka 1999, Mavic, Hutchinson na Michelin walipotoa kanuni moja ya ringi na tairi za baiskeli za milimani. Faida yake kwa nchi yenye miiba ni dhahiri. Ndani ya tairi hutiwa maji mazito meupe, na mwiba ukichoma, maji yale hukimbilia tunduni yakaganda. Je, maji yale ni nini? Aghalabu ni utomvu wa mpira wenyewe! Mti ulipochanjwa ulitoa utomvu ili uzibe jeraha lake, na sasa utomvu ule ule waziba jeraha la tairi. Katika Kenya waendeshaji wa mbio za nyikani, kama zile za Maasai Mara zilizoanza mwaka 2021, hutegemea matairi hayo, na kutoka kwao desturi huenea mpaka njia panda.

Sasa tuchague zana, tukitumia hesabu na si uvumi. Tairi pana la baiskeli ya mlimani lina nafasi ya lita 5 hivi. Pampu ya mkono hutoa kama sehemu moja ya kumi ya lita kwa kila pigo. Ni mwendo wa kinyonga mbele ya mwanya mpana. Pampu kubwa ya kusimama hutoa mara tatu au zaidi ya hiyo, na mtu mwenye nguvu, akiwa na tairi linalobana vema, huweza kufaulu. Pampu ya tatu ina chupa ya chuma ubavuni. Unaijaza polepole hata msukumo ufike ratili 150 kwa kila inchi ya mraba, kisha unafungua upepo wote kwa mara moja. Kwa kanuni ya Boyle, chupa ya lita 1 kwa msukumo huo imebeba lita 10 hivi za hewa ya kawaida. Zikigawanywa kati ya chupa na tairi, tairi hupata kiasi cha ratili 25, na mara nyingi hizo zatosha kuinua midomo. Zana hii haihitaji umeme, nayo humfaa mwendeshaji mmoja mmoja au fundi wa kijiji kisicho na nguzo za umeme.

Ya nne ni kompresa. Tangi la lita 24 lililojazwa mara nane ya msukumo wa hewa ya kawaida lina akiba ya lita 192. Tairi moja ni tone katika akiba hiyo. Lakini kompresa ina masharti. Hutaka umeme au petroli. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na ikikandamizwa maji hujitenga yakalala chini ya tangi. Asiyeyamwaga kila jioni hulifuga kutu, na tangi lenye kutu ni bomu. Wala usijidanganye kwa tangi la kujitungia kwa chupa ya plastiki ya soda, kwa kuwa ikipasuka haichagui jicho la kupofusha. Kwa zana yoyote, usivuke kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi au juu ya ringi.

Na kabla ya kununua, fanya yasiyo na bei. Ondoa kiini cha vali ili njia ya upepo iwe pana. Paka mdomo wa tairi maji ya sabuni. Sukuma midomo kwa vidole iikaribie kingo za ringi. Tairi lililokunjwa dukani livike mpira wa ndani usiku mmoja lipate umbo, kisha uutoe asubuhi. Mara nyingi mwanya hupungua hata pampu ya kusimama ikatosha.

Nilirudi Kombani nikamweleza fundi haya yote. Sikumwambia nunua wala usinunue. Nilimwomba aweke kopo kwa mwezi mmoja: kwa kila pikipiki au bajaji iliyotaka upepo atie kijiwe, na kwa kila tairi la baiskeli lisilo na mpira atie kokwa ya bungo. Mwezi ulipokwisha kopo lilijaa vijiwe, na makokwa yalikuwa manne. Wateja wa makokwa peke yao wasingelipa hata bei ya waya wa mashine. Wateja wa vijiwe wangeilipa. Kumbe swali lake lilihusu baiskeli, lakini jawabu lilikuwa mikononi mwa waendesha boda boda, kazi ambayo yenyewe ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Busia. Alitoa akiba yake kwa moyo mkunjufu, akanunua kompresa ya kadiri na kiungo cha shaba. Tairi la kijana lilikaa kwa pumzi moja. Pampu ya mkono hakuitupa, kwa sababu Black Mamba haikuacha kupita, na umeme haukuacha kukatika.

Nami nilipoitazama mashine ile ikinguruma, niliona kwamba nilikuwa nimeikosea haki methali yetu. Kompresa nayo hujaza tangi lake kwa mapigo madogo madogo, moja baada ya moja, kama mashavu ya mpiga nzumari. Ghafula yake imetoka katika subira. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini ni juu yako, msomaji, kuhakikisha kwanza kwamba kibaba kina kitako, na kujua ni wakati gani wa kukimimina chote.